Jina Lililoitwa Mekoni

Timboroa,
12 Februari 1972

Mpendwa Wahu,

Hapa kwetu ukungu haujaondoka tangu Jumanne, hata mbuzi tunawatafuta kwa kupapasa. Natumaini huko mnaliona jua. Kogo, yaani nyanya yangu, ameniuliza mara tatu kama nimeshakuandikia, ndiyo nikaona niketi niandike.

Bado siamini kwamba tulilala vitanda vinavyogusana miaka minne shuleni bila kujua. Ni siku ile ya mwisho tu, uliponiandikia anwani kwenye daftari: Kiplombe, shamba namba kumi na saba, penye miti mitatu ya peasi. Wahu, miti hiyo ilipandwa na babu yangu. Nyumba yetu ilikuwa kando yake, wakati shamba lote lilikuwa la Mzungu na sisi tulikuwa wafanyakazi wake. Kisha kampuni yenu ya kununua mashamba ikalinunua, vipande vikagawanywa kwa kura, baba yako akaingiza mkono kwenye kofia akatoa karatasi ya kumi na saba, na sisi tukapakia vyombo kwenye gari la moshi tukaja huku kwenye mashine ya mbao. Sikulaumu. Ulikuwa msichana mdogo kama mimi.

Nina ombi. Macho ya Kogo yameisha na hatauona mji wa Eldoret tena. Anataka nimsomee jinsi ulivyo sasa. Wewe ndiye uliyekuwa ukisomewa insha zako mbele ya darasa huku umejificha nyuma ya kitabu. Tuandikie. Anza kutoka juu, pale kilimani, halafu ushuke polepole usituangushe.

Kaka yangu Kipngetich yuko huko, amepata kazi kwenye kiwanda cha magome ya miti ya miwati. Ukimwona, mwambie Mama anangoja barua. Utamjua kwa kuongea. Alichukua maneno yote ya nyumba hii akatuachia machache.

Rafiki yako,
Jeruto


Kiplombe,
20 Februari 1972

Mpendwa Jeruto,

Nimepanda kilima leo baada ya kanisa, na daftari, kama mtu wa serikali. Mwambie Kogo afumbe macho.

Kutoka juu mji ni mdogo kuliko kelele zake. Umelala kwenye bonde la Sosiani kama kitu kilichoangushwa, na hakuna aliyeinama kukiokota. Mto wenyewe hauonekani. Unaonekana mstari wa miti, na miti inapokatika unajua hapo pana daraja. Mbali upande wa kaskazini ni milima ya Cherangani, ya buluu. Reli inaingia kutoka kwenu, inapinda mara moja, halafu inaelekea Uganda. Kiwanda cha magome kinatoa moshi mzito, na harufu yake inafika hata kilimani, kama chai iliyosahauliwa jikoni siku mbili. Upande wa Elgon View nyumba zimejificha nyuma ya ua. Huoni mtu, unaona tu vumbi la motokaa likiingia getini. Wazungu wengi wameondoka, lakini ua bado unakatwa vizuri, sijui na nani. Katikati ya mji kuna barabara moja pana ya maduka, na wazee wakitaka kwenda huko bado wanasema wanakwenda Sisibo, yaani sitini na nne kwa Kiingereza, namba ya shamba ambapo mji ulianzia. Kisha ni mashamba yetu, vipande vipande, kila kipande na bati lake jipya linalong'aa. Baba anasema yanang'aa kama mbinguni. Mimi yananiumiza macho.

Nikuambie jambo moja, usinicheke. Nikiwa huko juu niliona moshi ukitoka kwetu, karibu na miti ya peasi, mwembamba, umenyooka. Nikadhani Mama amepika nje. Nilishuka mbio. Mama alikuwa amelala na mtoto, na jiko la ndani lilikuwa limezimwa. Huko nje yapo mafiga matatu ya zamani, ya kwenu nadhani, maana Mama alimkataza Baba kuyang'oa. Niliyagusa. Yalikuwa baridi.

Kipngetich amekuja kututembelea! Alisimama kwenye mafiga hayo akasema, "Madam, hapa ndipo nilipochomwa na uji nikiwa wa miaka mitatu. Naomba nilipwe." Mama alicheka mpaka akakohoa. Kaka yako alikunywa vikombe vitatu vya chai. Mimi, unanijua, nilimwaga tu maziwa kwenye sahani.

Lakini Mama hajacheka tena. Ni mtoto. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake, kwa hiyo ameitwa Gathogo, jina la baba yake Baba aliyefariki Kiambu mwaka wa hamsini na tisa. Wawili waliomtangulia, waliozaliwa hapa hapa Kiplombe, waliitwa Gathogo pia, na hakuna aliyefikisha miezi mitatu. Huyu ana wiki saba. Hanyonyi vizuri. Anageuza uso na kutazama mlangoni, kama mtu anayengojea kuitwa. Kliniki wamempima mara mbili, wanasema hana ugonjwa. Anazidi kuwa mwepesi, Jeruto. Nikimbeba naogopa upepo.

Ni mimi,
Wahu


Timboroa,
2 Machi 1972

Mpendwa Wahu,

Nilimsomea Kogo barua yako mara mbili. Ulipofika penye daraja alitabasamu. Ulipofika penye moshi aliniambia ninyamaze.

Halafu akauliza, "Huyo mtoto alizaliwa wapi, hospitali?" Nikasema uliniambia shuleni kwamba mama yako huzalia nyumbani. Akasema, "Basi amezaliwa kwenye meko yetu, na wamempa jina bila kumuuliza."

Sisi hatuchagui jina hivi hivi. Mtoto mchanga huletewa majina ya wazee wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine, na mwanamke anampitishia ugoro kidogo puani. Akipiga chafya kwenye jina, huyo ndiye aliyekuja naye, na ndiye atakayemlinda. Wasipolipata, mtoto anahangaika. Kogo anasema hana hakika kama inafaa kwa mtoto wa watu wengine, lakini mafiga hayajui kabila.

Hawa ndio wetu waliokufa hapo kumi na saba: Kipkemboi, babu yangu. Kimaiyo, ndugu yake. Kiplagat, aliyepigwa na radi. Sirma, aliyekuwa kipofu.

Iteni taratibu. Wanaume wasiwepo. Ugoro uwe kidogo sana, usimwue mtoto wa watu. Na baba yako mzee wa kanisa asiione barua hii.

Kipngetich bado hajaandika. Mwambie nitamkata masikio.

Jeruto


Kiplombe,
19 Machi 1972

Mpendwa Jeruto,

Tumefanya. Ilikuwa jana Jumamosi, saa kumi jioni, Baba akiwa kwenye mkutano wa kanisa. Mama aliketi kwenye figa moja na mtoto magotini. Nilidhani atakataa, lakini aliniambia, "Nimezika Gathogo wawili. Leta hiyo karatasi."

Mtoto alipiga chafya. Kubwa, kama ya mzee. Ilikuwa kwenye jina la Kipkemboi, babu yako. Mwambie Kogo ni Kipkemboi.

Hapo hapo aligeukia titi akanyonya mpaka Mama akalia. Leo amenyonya tena mara sita. Amenitazama, Jeruto, amenitazama usoni kwa mara ya kwanza. Mbele ya Baba bado tunamwita Gathogo, na kadi ya kliniki inasema Gathogo, lakini akiitwa hivyo hageuki.

Je, Kipngetich ameandika? Nauliza tu.

Wahu


Timboroa,
28 Machi 1972

Mpendwa Wahu,

Kogo amefurahi lakini si sana. Anasema Kipkemboi hakuwa mtu wa kupiga chafya kubwa, alikuwa mtu wa kunong'ona. Ananisumbua nikuulize, hakuna jina jingine mliloita? Nilisahau kuandika, maana huku kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: aliye hai haitwi. Ni waliokufa tu. Ukimwita aliye hai kwenye ugoro na mtoto akajibu, umemwondolea mtu jina lake akiwa bado analivaa. Nilimwambia Kogo, Wahu hawezi, nilimwandikia majina manne tu.

Mama halali. Kipngetich hajaandika, na mtu aliyetoka huko anasema kitanda chake kwenye chumba alichopanga hakijalaliwa zaidi ya wiki. Wahu, najua unaona haya kuongea na watu. Lakini tafadhali ushuke mjini umtafute. Pita kila mahali ulipotuandikia.

Jeruto


Kiplombe,
4 Aprili 1972

Mpendwa Jeruto,

Nimemtafuta siku tatu. Nakuandikia jinsi nilivyokwenda.

Nilianza tena kilimani, nikautazama mji wote nikajiambia, yuko ndani ya hiki ninachokiona. Kutoka juu inaonekana rahisi. Ukishuka, mji unakuwa mkubwa kila hatua.

Kwenye kiwanda, msimamizi aliniambia Kipngetich aliweka panga chini katikati ya kazi, hakuumia, hakugombana na mtu, akatoka getini. Nikauliza siku gani. Akafungua kitabu chake: Jumamosi, tarehe kumi na nane Machi, saa kumi jioni.

Nilikwenda darajani. Nilikwenda kwenye maduka. Mzee Waweru anayeuza blanketi alinitania, (Gerishon ndiye Baba) "Haya, msichana wa Gerishon leo ana sauti! Unamtafuta mume au deni?" Nilipomwambia, aliacha kucheka. Alimwona Jumapili ile amesimama mbele ya duka, akitazama kofia za wazee. "Nikamwuliza, kijana, nikuuzie? Akanitazama kama mimi ndiye kijana."

Stesheni, bawabu mmoja anaitwa Wasike, Mbukusu mcheshi, anamjua vizuri. Alisema, "Huyo rafiki yangu amekuwa bwana mkubwa! Nilimwita Kipngetich! Kipngetich, bwana! Mara tatu, karibu nipasuke. Hageuki. Nikamshika bega, akasema samahani, unamtafuta nani? Nikadhani ni mzaha wake, nikamwambia, namtafuta ng'ombe wako. Wasike mimi si mwoga, dada, lakini nilimwacha mkono." Alimwona hivyo mara mbili. Mara ya mwisho ni Jumatano iliyopita. Alikuwa ameketi kwenye benchi lililotazama upande wa Kiambu.

Kwa hiyo yuko hai. Shikeni hilo.

Gathogo ana mashavu sasa. Juzi Baba alimrusha juu akisema, "Gathogo! Gathogo wa Kiambu!" na mtoto akatazama miti ya peasi.

Kuna jambo nataka kukuandikia lakini mkono unakataa.

Wahu


Timboroa,
12 Aprili 1972

Wahu,

Amerudi.

Alishuka kwenye gari la mizigo Jumamosi. Alipita mlango wa Mama akaketi nje kwenye gogo, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Mama alimkimbilia akimwita jina lake. Alisimama kwa heshima akampisha, akidhani anamkimbilia mtu aliye nyuma yake.

Si mgonjwa. Anakula. Mganga wa zahanati alimpima kichwa, hana kidonda. Anamsaidia Baba kupasua kuni, na Baba anasema anapasua kwa mkono wa kushoto, ambao hakuwahi kuutumia. Hasemi utani. Siku nne tumemwita Kipngetich, kwa upole, kwa ukali, kwa kilio. Hageuki. Ni kama kuita kwenye nyumba iliyohamwa.

Leo barua yako imefika. Nilimsomea Kogo kwa sauti, kaka yangu akiwa mlangoni akinoa shoka. Nilisoma mpaka pale penye mashavu ya mtoto. Nikasema, "Gathogo."

Shoka liliacha kulia kwenye jiwe. Aligeuka, Wahu. Akaniitikia. Alisema neno ambalo si la kwetu. Nadhani ni la kwenu. Kisha akangoja, kama mzee anayengoja mtoto aseme alichomwitia.

Kogo amesimama tangu saa ile hataki kuketi. Anauliza swali moja tu, na mimi sasa nauliza naye. Mliita nani?

Jeruto


Kiplombe,
16 Aprili 1972

Jeruto,

Nilidanganya.

Niliyasoma majina manne taratibu kama ulivyosema. Mtoto hakupiga chafya. Niliyarudia. Alikuwa ameanza kufumba macho, na Mama alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka, akasema, "Hakuna mwingine?" Nilimfikiria kaka yako amesimama papo hapo, akicheka, akidai malipo ya uji. Yeye ndiye mtu mwenye uhai kuliko wote niliowahi kuona. Nikasema, "Kipngetich."

Akapiga chafya kabla sijalimaliza.

Sikujua. Naapa. Kwetu wengi wanaitwa majina ya babu zao walio hai, wanakula nao sahani moja, na ni heshima. Mimi mwenyewe niliitwa jina la nyanya yangu, naye akaishi miaka tisa zaidi akiniita mama yake. Nilidhani namfanyia kaka yako heshima. Uliponiandikia kwamba aliye hai haitwi nilikaa chooni mpaka nikaitwa. Kisha nilitafuta mji mzima nikitumaini mtu mmoja tu aniambie kwamba aliondoka kiwandani Ijumaa, au Jumapili. Siku yoyote isipokuwa Jumamosi saa kumi.

Nadhani jina la babu yangu lilikuwa limekaa bila mtu. Watoto watatu walilikataa. Kaka yako alipobaki hana, lilimwingia.

Babu alikuwa wa mkono wa kushoto.

Nimewaambia Baba na Mama. Baba hakunipiga. Alivaa kofia, akaivua. Kisha akasema mje. Njooni na Kogo, Jumamosi tarehe ishirini na tisa, saa kumi. Kama jina linaweza kurudishwa, Kogo atajua. Mama amesikia akaingia ndani na mtoto, akafunga mlango. Najua ninachokuomba na ninachompokonya Mama. Sijui nitake nini. Nataka wote wawili, na najua haiwezekani.

Wahu


Timboroa,
7 Mei 1972

Mpendwa Wahu,

Niliondoka bila kukuaga. Nisamehe. Nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele ya baba yako.

Tangu nirudi nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi, na ninaiandika ili nione kama mimi na wewe tuliona kitu kimoja. Kogo alipiga magoti kwenye mafiga akayapapasa, akasema yana joto. Niliyagusa baada yake. Yalikuwa na joto, na hapakuwa na majivu. Akaita, "Kipngetich!" Kaka yangu alikuwa akitazama mbuzi wenu. Mtoto ndiye aliyecheka.

Halafu kaka yangu alimwona baba yako. Alimwendea akamshika kidevu, mtu wa miaka ishirini na miwili akimshika kidevu mzee wa kanisa, akamwita Kanyoni. Uliniambia jioni ile hilo ni ndege mdogo, na kwamba baba yako aliitwa hivyo akiwa mtoto anayefukuza ndege shambani, na kwamba wewe mwenyewe hukujua. Baba yako alipiga magoti. Sijawahi kuona mwanaume wa umri ule akipiga magoti nje ya kanisa.

Kogo alikuwa ameshatoa kopo la ugoro. Angeweza, Wahu. Njiani aliniambia jinsi inavyofanywa: jina linaitwa mara moja kinyume, na mtoto halipati tena. Alimwambia mama yako, "Mlete." Mama yako alimleta. Hakumkumbatia, hakuomba, alimweka tu mikononi mwake. Kogo haoni, kwa hiyo alimpima kwa mikono. Alipapasa mapaja yale mazito, mashavu, kitambi. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilimsikia akisema peke yake, "Nilizika wanne kwenye shamba hili." Kisha akafunga kopo.

Alimwambia Mama yangu jana: wa kwetu yuko hai kwa jina jingine, wa kwao angekufa kabisa. Mama amekubali kwa mdomo. Bado anapika chakula cha mtu mmoja zaidi.

Nafurahi kaka yangu alikataa kupanda gari la moshi nasi. Ningeona uchungu zaidi kumlisha hapa kama mgeni. Kabla hatujaondoka ulisema baba yako amempa kiti cha babu yenu na pembe ile ya shamba iliyo karibu na peasi, ajenge. Basi mmoja wetu amerudi nyumbani. Nilitaka iwe kwa njia nyingine.

Nakuomba kitu kimoja, na sitaomba kingine. Uniandikie kila mwezi. Mji sasa nimeuona vya kutosha. Niandikie yeye: amejenga nini, anakula nini, anamwitaje mtoto anapompita. Na siku akisema utani wowote, hata mbaya, uniandikie siku hiyo hiyo.

Anza kutoka juu, Wahu, ulipo kilimani, ambako hajui kama unamtazama. Halafu ushuke polepole.

Jeruto